Mtoto wa Pili Asipokuja: Huzuni ya Wazazi na Hatari ya Kuhesabu Nyumba za Wengine

Mama Kanisa hufurahi pamoja na kila familia inayojaliwa watoto. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2373) inaziona familia zenye watoto wengi kuwa ishara ya baraka ya Mungu na ya ukarimu wa wazazi. Fundisho hilo ni la kweli, nasi hulisikia mara kwa mara katika semina za ndoa na katika mahubiri ya Sikukuu ya Familia Takatifu. Lakini katika benchi lile lile la kanisa huketi baba na mama wenye mtoto mmoja wa miaka saba au minane, ambao wamemwomba Mungu mtoto wa pili kwa muda mrefu wala hawajampata. Wanapolisikia fundisho hilo hujiuliza kimoyomoyo: je, kwetu baraka imekoma? Makala hii inawahusu wao, nayo inatuhusu pia sisi tunaoketi nao.

Wataalamu wa afya huiita hali hii ugumba wa pili. Shirika la Afya Duniani linaeleza ugumba kuwa ni kushindwa kupata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana kimwili mara kwa mara bila kutumia njia yoyote ya kuzuia mimba. Ukiitwa wa pili, maana yake ni kwamba mimba ilikwisha kupatikana angalau mara moja huko nyuma. Si jambo la nadra. Katika taarifa yake ya mwaka 2023 Shirika hilo lilikadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita duniani hukutana na ugumba wa namna fulani maishani mwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya takwimu za nchi nyingi, ulitazama wanawake wa miaka 20 hadi 44 kwa hali ya mwaka 2010. Miongoni mwa waliokwisha kuzaa na kutamani kuzaa tena, asilimia 10.5 hawakuweza, walioshindwa kupata hata mtoto wa kwanza walikuwa asilimia 1.9. Kwa hiyo ugumba wa pili umeenea kuliko ule wa kwanza, ingawa ule wa kwanza ndio unaosemwa na kuombewa zaidi.

Sababu mojawapo ya ukimya huu imo katika desturi zetu. Mwanamke akijifungua, jina lake la ujana huwekwa kando; huitwa Mama Neema au Mama Baraka, na mumewe huwa Baba Neema. Kwa macho ya jamii amekwisha kuvuka mto. Akilia, huambiwa: "Shukuru, wenzako hawana hata huyo mmoja." Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamponyi. Anayemshukuru Mungu kwa mtoto alionao hajaacha kwa sababu hiyo kumtamani yule asiyekuja, na mambo hayo mawili hukaa katika moyo mmoja bila mojawapo kuwa uongo. Tena huzuni hii haina siku yake. Hakuna msiba, hakuna matanga, hakuna tarehe ya kuikumbuka. Lugha yetu inamwita mtoto wa kwanza kifungua mimba na wa mwisho kitinda mimba, kana kwamba inatazamia wengine katikati. Mtoto aliye peke yake hubeba majina yote mawili, na wazazi wake hawajui ni lini hasa walipaswa kuanza kumwita kwa hilo la pili.

Kuna pia wale ambao katikati ya miaka hiyo mimba ziliharibika. Majirani wanahesabu mtoto mmoja. Mama anahesabu watatu. Inafaa wazazi wa namna hii waombe Misa kwa nia yao, na Baba Paroko aelezwe jambo hilo, ili angalau mahali pamoja hesabu ya mama ijulikane.

Kuhesabiwa

Huzuni ya kukosa mtoto wa pili ni mzigo tosha. Kinachouongeza uzito ni kulinganisha. Mwanamke aliyejifungua pamoja naye wodi moja sasa anabatiza mtoto wa tatu. Mdogo wake aliyefunga ndoa juzi amekwisha kupata mapacha. Mwezi Desemba familia nyingi hurudi nyumbani kwa ajili ya Noeli, hasa mkoani Kilimanjaro, na watu hutania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Kwa wengi ni utani mtamu. Kwa wenye mtoto mmoja, utani huo una ncha kali, maana wanajua hakika kwamba watahesabiwa, na kwamba shangazi fulani atauliza mbele ya watu wote: "Mnangoja nini?" Wengine hudhaniwa kuwa wamefunga uzazi kwa ubinafsi, au kwa kupenda fedha, na hukaripiwa kwa dhambi wasiyoitenda.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Tumezoea kumsoma Raheli kama mfano wa mwanamke tasa aliyesikilizwa na Mungu. Tukiifuata habari yake kwa utulivu katika Kitabu cha Mwanzo, kuanzia mwisho wa sura ya 29 hadi sura ya 35, tunakuta jambo linaloigusa moja kwa moja mada yetu. Siku ile ile Raheli alipomzaa Yosefu, jina alilompa lilikuwa ombi la kuongezewa mwana mwingine. Hakuna mahali Biblia inapomkaripia kwa ombi hilo. Kutamani mtoto wa pili si ulafi wala si kukosa shukrani. Naye Raheli alingoja miaka, na kumpata Benyamini kwa gharama ya uhai wake mwenyewe, akazikwa njiani kwenda Efrata.

Lakini habari hiyo hiyo inaonesha pia kulinganisha kulivyoitesa nyumba ya Yakobo. Raheli alimwonea wivu dada yake Lea kwa sababu ya watoto, akamjia juu mumewe kana kwamba Yakobo ndiye Mungu, naye Yakobo akakasirika. Tunalisahau kwa urahisi upande wa Lea. Huyu mwenye wana sita na binti mmoja alikuwa akimtazama Raheli kwa jicho lile lile, kwa kuwa Raheli ndiye aliyependwa. Alipozaa wana wake wa kwanza, majina aliyowapa yalisema matumaini yake kwamba sasa huenda mumewe atampenda. Kila mmoja wa hao ndugu wawili alikiona kwa mwenzake kile alichokosa yeye. Wahenga wetu wangesema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata ile habari ya tunguja, mimea iliyoaminiwa kuleta uzazi, ina mafundisho yake: Raheli aliyapata kutoka kwa Lea kwa kubadilishana naye usiku wa kukaa na mume, na aliyepata mimba baada ya hapo alikuwa Lea, aliyekwisha kuyatoa.

Tuangalie pia nani aliyelipa. Mtoto aliyezaliwa na Bilha, mjakazi wa Raheli, aliitwa Naftali, jina linalokumbuka mashindano ya Raheli na dada yake. Mtoto mchanga alibebeshwa ugomvi wa watu wazima tangu siku ya kwanza. Baadaye wana wa mama hao wawili walishindwa kuketi pamoja kwa amani, na Yosefu aliuzwa utumwani. Sababu za chuki yao zilikuwa nyingi, lakini mbegu yake ilikuwa imepandwa kabla hawajajua kusema. Hapo ndipo penye hatari kubwa kwa familia ya mtoto mmoja. Jicho linalozoea kuhesabu watoto wa wengine hupoteza taratibu uwezo wa kumwona aliyeko mezani. Mtoto huanza kuhisi kwamba yeye ni sehemu ya kwanza ya jambo lisilokamilika.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 21, Petro, mara baada ya kukabidhiwa utume na kuambiwa habari ya mateso yatakayompata, anageuka, anamwona mwanafunzi mwingine, na kuuliza kuhusu huyo. Jibu la Yesu ni fupi, tena lina ukali kidogo: habari za huyu mwingine si zake Petro; yeye amfuate Bwana. Yesu hamwambii Petro kwamba njia yake ni rahisi kuliko ya mwenzake, wala kwamba ni ngumu kuliko ya mwenzake. Anakataa tu kulinganisha. Anayeteswa na wingi wa watoto wa jirani anaweza kuisali aya hiyo kwa miezi kadhaa kabla haijamtuliza, na hilo si ajabu, kwani Petro mwenyewe alikuwa amekaa na Bwana miaka kadhaa na bado aligeuka kutazama.

Hospitali na dhamiri

Imani haiwazuii wanandoa kutafuta tiba. Katekisimu (na. 2375) inahimiza utafiti wenye lengo la kupunguza ugumba, alimradi uheshimu utu wa binadamu na mpango wa Mungu. Wengi huchelewa kwenda hospitali kwa kuamini kwamba aliyezaa mara moja hawezi kuwa na tatizo. Mwili hubadilika. Mirija ya uzazi inaweza kuziba kutokana na kisonono au klamidia isiyotibiwa, au kutokana na maambukizi yaliyofuata kujifungua ama mimba kuharibika. Makovu yanaweza kubaki ndani ya mji wa mimba. Kuna uvimbe kwenye kizazi, kuna matatizo ya homoni na ya tezi, na kuna umri, ambao huwa tumeusahau: aliyezaa akiwa na miaka 27 si yule yule akiwa na 37. Mwanamke aliyefikisha miaka 35 hushauriwa amwone daktari baada ya miezi sita ya kujaribu, asingoje mwaka mzima.

Tuseme wazi kuhusu wanaume. Mume hukataa kupimwa kwa hoja kwamba mtoto aliyepo ni ushahidi wa kutosha. Mtoto huyo ni ushahidi wa miaka minane iliyopita. Tangu hapo mishipa ya korodani inaweza kuwa imevimba, au sigara, pombe, maambukizi na baadhi ya dawa vimepunguza mbegu. Kipimo cha mwanamume kwa kawaida ni rahisi na hakina maumivu kama baadhi ya vile anavyofanyiwa mwanamke, hivyo si haki kumwacha mke apite katika vipimo vyote peke yake. Kuhusu namna ya kupata mbegu za kupima, ipo njia inayoheshimu tendo la ndoa. Wenye wasiwasi wa dhamiri waongee na daktari, na pia na padre.

Wanandoa wanaofahamu njia ya Billings huwa na faida ambayo wengi hawaitumii. Njia hiyo, ambayo daktari Mwaustralia John Billings alianza kuichunguza mwaka 1953, inajulikana zaidi kwa kupanga nafasi kati ya watoto, lakini kwa kutazama ute huo huo mke hutambua siku anazoweza kushika mimba, na kumbukumbu zake zinaweza kumsaidia daktari kuona kasoro katika mzunguko.

Kwa upande wa tiba zenyewe, mafundisho ya Kanisa hayana giza kama wengine wanavyodhani. Maelekezo ya Dignitas Personae ya mwaka 2008 (na. 13) yanataja bayana tiba zinazokubalika: dawa za homoni, upasuaji wa endometriosisi, kuzibua au kurekebisha mirija. Hizi huondoa kizuizi ili tendo la ndoa lizae matunda. Kisichokubalika ni kulibadili tendo hilo kwa kazi ya maabara, kama inavyotokea katika kutunga mimba nje ya mwili. Hilo lilifundishwa kwa kirefu na maelekezo ya Donum Vitae ya mwaka 1987. Msingi wake ni kwamba mtoto ni zawadi, wala si kitu anachostahili kudai mtu yeyote (KKK 2378). Mtoto aliyezaliwa kwa njia hiyo, hata hivyo, ana hadhi kamili, na Kanisa linataka apokewe na kulelewa kwa upendo. Mwenye mtoto wa namna hiyo asione aya hii kuwa hukumu juu ya mwanawe.

Nje ya hospitali kuna soko. Dawa za kusafisha kizazi hutangazwa kwenye simu zetu kila siku. Baadhi huwekwa sehemu za siri na zinaweza kuleta maambukizi yale yale yanayoziba mirija. Wapo waganga, na wapo wanaouza maji na mafuta kwa jina la Yesu, wakiahidi mimba kwa tarehe. Ushirikina ni dhambi dhidi ya amri ya kwanza. Mbali na dhambi, kuna miezi inayopotea, na kwa mwanamke wa miaka 38 miezi ni mali.

Nyumba ya wawili

Hali hii hujaribu ndoa. Kukutana kwa mume na mke hugeuka kuwa kazi ya kalenda. Ndugu wa mume huanza vikao. Si mara moja wala mbili imesikika kauli kwamba mwanamume aliyezaa mtoto mmoja anayo haki ya kutafuta wengine nje, au kuoa mwingine kimila. Hana haki hiyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, inatamka kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Basi ugumba uliojitokeza baada ya arusi, tena baada ya mtoto kuzaliwa, haukiondolei chochote kifungo cha ndoa. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes (na. 50), ulifundisha kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya uzazi peke yake, na hudumu na thamani yake hata watoto waliotamaniwa sana wasipopatikana. Papa Fransisko alilikumbusha fundisho hilo mwaka 2016 katika Amoris Laetitia (na. 178), na mara baada ya hapo akazungumzia kuasili watoto.

Mume ndiye anayepaswa kusema na ndugu zake. Mke akiachiwa kazi ya kujitetea mbele ya wakwe, kila jibu lake litaitwa kiburi. Maneno machache ya mume, yaliyosemwa mara moja kwa heshima na uthabiti, huweza kufunga mjadala wa miaka.

Kuasili kunahitaji neno la tahadhari. Katekisimu (na. 2379) inakutaja kuwa njia mojawapo ya ukarimu kwa wanandoa waliomaliza njia halali za tiba. Nchini Tanzania utaratibu wake umo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na maofisa wa Ustawi wa Jamii ndio wa kuanzia kuwaona. Kulea mtoto wa ndugu nako ni desturi yetu ya tangu zamani. Ila mtoto asichukuliwe kwa imani kwamba "atafungua njia" ya mimba. Atakuwa ameingia nyumbani kama dawa, na dawa isipofanya kazi hutupwa. Wala familia isione kwamba isipoasili imefanya uchoyo. Si kila mmoja ameitiwa hilo.

Kwa sisi tunaoishi nao katika Jumuiya Ndogo Ndogo, mengi yanayotakiwa ni kujizuia. Tusiulize. Tusitanie wakati wa ubatizo kwamba zamu inayofuata ni yao. Viongozi wa WAWATA na UWAKA wanapopanga siku za familia waepuke michezo na zawadi za kuhesabu watoto. Zinafurahisha wengi, na kila mara zinamwacha mtu mmoja akitazama chini. Katika maombi ya waamini inatosha kuwaombea wanandoa wanaongoja, bila kuwataka wasimame. Wasio na mtoto kabisa nao wasitumiwe kama fimbo ya kuwachapia wenye mmoja. Hao hawakuomba mateso yao yafanywe kipimo cha mateso ya wengine.

Limebaki swali ambalo wazazi hawa huliogopa kuliko la shangazi, kwa sababu huulizwa bila ubaya wowote: "Mama, mbona mimi sina mdogo wangu?" Wengine hudanganya kwamba mtoto yuko njiani, au kwamba atanunuliwa hospitali; wengine humkemea. Mtoto wa miaka sita anaweza kuelewa ukweli mfupi: tulimtamani, tunamwomba Mungu, hajaja, na si kosa lako. Sehemu hiyo ya mwisho isiachwe, maana watoto hujihukumu kimya kimya. Ipo pia desturi njema inayoweza kuumiza bila kukusudia, ya kumpa mtoto jukumu la kusali kila jioni aletewe ndugu, kwa kuwa sala ya mtoto husikilizwa upesi. Mwaka wa kwanza atasali kwa furaha. Mwaka wa tatu ataanza kujiuliza kama Mungu hamsikii, au kama yeye peke yake hakuwatosha wazazi wake. Ni heri nia hiyo ibaki katika sala ya mume na mke wakiwa wawili, na katika sala ya familia jioni, baba anapoanza kushukuru, mtoto asikie jina lake likitajwa kwanza.